Hewa ya Lushoto haibebi kama ya Tanga

Jabali la Irente hukuonyesha kitu ambacho hakuna uwanja wa ndege nchini unaoweza kukuonyesha: mgongo wa bawa likiwa kazini. Tumezoea kuvitazama virukavyo kwa chini, tukaona matumbo na miguu yake. Pale Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, ardhi hukatika ghafla na nyika ya Mazinde imetandazwa karibu mita elfu moja chini yako. Ikifika saa nane mchana jua limeshaipasha nyika, hewa inapanda kuufuata ukingo wa mlima, na kipanga mwenye mkia mwekundu hupita akiwa chini ya miguu yako.

Hapigi bawa. Anateleza kuteremka muda wote, ila hewa iliyombeba inapanda upesi kuliko anavyoteremka, kwa hiyo sisi wa juu tunamwona yuko palepale. Mtazame anapopunguza mwendo ili ageuke. Manyoya madogo ya mgongo wa bawa husimama ghafla, kana kwamba mtu ameyapuliza kinyumenyume. Akiinamisha kichwa na kushika kasi tena, yanalala. Kusimama na kulala kwa manyoya hayo kumewagharimu wanadamu miaka mingi ya hesabu, na baadhi yao kumewagharimu uhai.

Wengi tuliopita kwenye darasa la fizikia tumebaki na maelezo mamoja. Mgongo wa bawa umepinda, tumbo lake limenyooka. Hewa inayopita juu ina safari ndefu zaidi, hivyo lazima ikimbie ili ikutane na mwenzake wa chini kule nyuma. Hewa inayokimbia ina mgandamizo mdogo, basi bawa linavutwa juu. Maelezo matamu, yanaingia akilini upesi, na kiini chake si kweli. Hakuna aliyeziwekea hewa hizo mbili miadi ya kukutana. Ukipitisha moshi kwenye njia ya upepo ya maabara utaona hewa ya juu inafika nyuma mapema, kabla ya ile ya chini, na hazikutani tena. Isitoshe, ndege za maonyesho huruka zikiwa zimepinduliwa, tumbo juu, na hazianguki. Hata tiara ya mtoto wa Soni, gazeti lililobandikwa kwenye vijiti viwili vya bua, halina mgongo uliopinda wa kujivunia, lakini kamba ikikazwa linapanda.

Kinacholipandisha ni pembe. Bawa, liwe la karatasi, la manyoya au la aluminiamu, huikabili hewa likiwa limeinuka kidogo upande wa mbele, na hewa inayopita huondoka ikiwa imeelekezwa chini. Kazi hiyo ya kuisukuma hewa chini ndiyo inayolisukuma bawa juu, kama Isaac Newton alivyokwisha kueleza mwaka 1687 kwamba kila kani ina kani mwenzake wa upande wa pili. Mpindo wa mgongo unasaidia kwa sababu hewa hupenda kuambatana nao hadi mwisho, na ikiambatana nao inainama kuelekea chini pamoja nao. Ili ijipinde hivyo, mgandamizo wa juu ya bawa lazima upungue. Na hewa inayoingia mahali penye mgandamizo mdogo huongeza kasi, jambo ambalo Daniel Bernoulli aliliandikia kitabu mwaka 1738. Kwa hiyo Bernoulli hakukosea. Waliokosea ni waliobuni hadithi ya miadi wakaitia sahihi yake. Newton na Bernoulli wanasimulia tukio lilelile, mmoja akihesabu hewa iliyosukumwa chini, mwingine akipima mgandamizo juu ya ngozi ya bawa.

Na mgandamizo wenyewe ni mdogo kiasi cha kushangaza. Chukua Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayopeleka watalii mbugani na kuwavusha watu kwenda Zanzibar na Mafia. Ikijaa kabisa ina uzito wa kilo 3,969, na mabawa yake yana eneo la mita za mraba 26 hivi. Gawanya: kila mita ya mraba ya bawa inabeba kilo 153, yaani tofauti ya mgandamizo kati ya tumbo na mgongo ni paskali 1,500 tu. Mgandamizo wa hewa usawa wa bahari ni paskali zaidi ya 101,000. Asilimia moja na nusu ya hewa inayotuzunguka inatosha kuiinua ndege pamoja na abiria na mabegi yao.

Aliyewahi kupanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua tofauti hiyo kwa masikio yake. Barabara inapanda kutoka kama mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu 1,400, ikijipinda kando ya mto kupita Soni, na mahali fulani katikati ya kona zile masikio huziba, mtu akameza mate yakafunguka kwa mlio mdogo. Katika safari hiyo mgandamizo unashuka paskali zaidi ya 10,000. Zile 1,500 zinazoibeba Caravan unazimaliza kwenye mita 130 hivi za mwanzo za mpando, kabla konda hajamaliza kukusanya nauli.

Sasa hesabu. Kani inayoliinua bawa ni nusu ya densiti ya hewa, mara kasi iliyozidishwa kwa kasi, mara eneo la bawa, mara kizigeu kimoja kinachotegemea umbo la bawa na pembe yake. Kwa herufi huandikwa L = ½ρV²SC. Ni fupi, na kila herufi ina historia ya ugomvi.

Otto Lilienthal, Mjerumani, aliwasoma korongo weupe. Korongo hao huzaa Ulaya, kisha baridi ikianza kule huja kwetu, na kati ya Novemba na Machi huonekana kwenye nyika za Tanzania wakifuata panzi. Lilienthal alipima mabamba yaliyopinda kwa kuyazungusha kwenye mkono mrefu, akachapisha kitabu chake juu ya uruka wa ndege mwaka 1889, kisha akajifunga mabawa mwenyewe na kuruka kutoka vilimani mara nyingi, karibu elfu mbili. Agosti 1896 upepo uliinua pua ya chombo chake kupita kiasi, hewa ikaachana na mgongo wa bawa, akaanguka na kufa. Ndicho kinachoonyeshwa na manyoya ya kipanga wa Irente. Pembe ikikua, kani inakua nayo, hadi kama nyuzi 15. Ikizidi hapo hewa haiwezi tena kuufuata mpindo, inavurugika na kurudi nyuma juu ya bawa, na kani inaporomoka. Kipanga huyahisi manyoya yanaposimama akainamisha kichwa mara moja. Lilienthal hakuwa na manyoya.

Miaka mitano baadaye Wilbur na Orville Wright walirudi nyumbani Dayton wakiwa wamekata tamaa. Chombo chao kisicho na injini kilitoa kama theluthi moja tu ya kani ambayo hesabu iliwaahidi. Hesabu ya siku hizo haikuwa na densiti ndani yake. Palikuwa na namba moja isiyobadilika, 0.005, iliyonukuliwa tangu enzi za mhandisi John Smeaton wa Uingereza, karne ya kumi na nane. Ndugu hao walitengeneza sanduku la upepo, wakapima maumbo ya mabawa kama mia mbili, na kwa vipimo vyao wakaona namba ile inapaswa kuwa karibu 0.0033. Karne nzima na ushei watu walikuwa wanajidai kwa kani ambayo haikuwapo. Tarehe 17 Desemba 1903 mashine yao iliruka.

Kwangu mimi kosa la ile 0.005 halikuwa ukubwa wake tu. Hata kama ingekuwa sahihi, namba isiyobadilika haijui kama uko Tanga au Lushoto. Inachukulia hewa ni ileile kila mahali, na mtu yeyote aliyepandisha gunia la viazi kutoka bondeni hadi Magamba atakuambia si ileile. Leo nafasi ya namba ile imechukuliwa na ½ρ, na hiyo herufi ya Kigiriki ndiyo iliyoipeleka hesabu milimani.

Fanya jaribio la akili. Chumba cha kulala cha mita nne kwa nne, dari mita tatu juu, kina mita 48 za ujazo wa hewa. Tanga, penye joto la nyuzi 30, hewa hiyo ina uzito wa karibu kilo 56, zaidi ya mfuko wa saruji. Chumba kilekile Lushoto mjini, siku ya nyuzi 25, kina kilo 48. Pungufu ya kilo nane, na bado ni chumba kimoja. Kwa mita moja ya ujazo ni kilo 1.16 kule na takriban 1.00 huku.

Irudishe Caravan iliyojaa. Pwani, mabawa yakiwa kwenye pembe inayotoa kizigeu cha 1.27 hivi, itajibeba ikifika mita 45 kwa sekunde, sawa na kilomita 162 kwa saa. Kwa pembe hiyohiyo na uzito uleule, hewa ya Lushoto inaidai mita 48.5, karibu kilomita 175 kwa saa. Uzito haukubadilika, bawa halikubadilika. Densiti imepungua, kwa hiyo kasi ndiyo inayolipa. Na inalipa kwa nafuu, maana kasi inazidishwa kwa yenyewe: hewa imepungua kwa asilimia 14, kasi imeongezeka kwa asilimia 8 tu. Nafuu hiyo haifiki kwenye urefu wa barabara. Kuikimbiza ndege hadi kasi kubwa zaidi kunataka njia ndefu zaidi, injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, na propela, ambayo ni bawa linalozunguka tu, inashika kidogo. Vyote vinapungua siku moja.

Kitu kimoja hapa huwachanganya hata watu wanaoruka. Kipimo cha kasi kilicho mbele ya rubani hakipimi kasi ya ardhini. Kinapima namna hewa inavyojigonga kwenye kibomba kidogo kilichoelekezwa mbele, yaani ½ρV², kipande kilekile cha hesabu yetu. Kwa hiyo pwani na mlimani, mshale utasimama kwenye namba ileile wakati ndege iko tayari kupaa. Anayeutazama mshale peke yake hawezi kujua kwamba magurudumu yanakimbia upesi zaidi na mwisho wa barabara unakuja haraka zaidi. Kipimo hakidanganyi, kimejibu swali jingine. Ndiyo maana marubani wa viwanja vya juu hupiga hesabu ya joto na mwinuko kabla ya kuwasha injini, na hupenda asubuhi. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 12, mita ya ujazo ya hewa ya Lushoto hupanda hadi kilo 1.05 hivi.

(Na ule ukungu wa Magamba unaoonekana mzito, ukiingia dirishani kama moshi wa jikoni, hausaidii. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko hewa kavu ya joto na mgandamizo uleule, kwa kuwa chembe za maji ni nyepesi kuliko za naitrojeni na oksijeni. Tofauti ni ndogo, lakini inakwenda kinyume na macho.)

Lushoto haina uwanja wa ndege za abiria, na kwa miteremko ile sioni pa kuuweka. Lakini Usambara iliwahi kuzungukwa na ndege mapema kuliko wengi wanavyodhani, na hata kabla ya hapo hesabu ilikuwa imeshawaadhibu watu pwani. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta ndege za majini kwenye kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia, ili ziitafute. Kwanza ilikuwa mashua ya kuruka ya Curtiss iliyorushwa na Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekodiwa Afrika Kusini. Februari 1915 zikaja Sopwith mbili, na hizo ziliaibisha watengenezaji wake. Kwenye joto la pwani yetu zilipaa kwa shida, na kubeba mabomu pamoja na mtazamaji ikawa ndoto. Ndege zilizoruka vizuri kwenye hewa ya Uingereza, nzito na baridi, zilifika kwenye hewa ya Mafia zikakuta haizibebi. Mwinuko haukuhusika kabisa, kwa kuwa Mafia ni usawa wa bahari. Lilikuwa ni joto, lililopunguza densiti na kuichosha injini. Ilibidi zitafutwe ndege nyingine, na Julai 11, 1915, meli mbili za mizinga zikiongozwa kutoka angani zikaimaliza Königsberg.

Mwaka uliofuata vita vikafika kwetu. Kikosi cha 26 cha anga cha Waingereza, chenye watu wengi wa Afrika Kusini, kilishukia Mombasa na kuweka kambi Mbuyuni, upande wa Kenya ya leo, kikiwa na ndege za BE2c. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliposhuka likifuata reli ya Tanga, Mombo ilichukuliwa Juni 1916 na siku chache baadaye Wilhelmstal, jina ambalo Wajerumani waliipa Lushoto. BE2c ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, jumla mita za mraba 34 na nusu, kwa uzito wa kama kilo 970. Ni kilo 28 tu kwa kila mita ya mraba, dhidi ya 153 za Caravan. Wahandisi wa wakati ule walikuwa na injini dhaifu, nguvu za farasi 90, kwa hiyo hawakuweza kununua kasi; wakanunua eneo. Herufi S ikafanya kazi ya V. Bei yake ni mabawa mengi yenye nyaya na miti inayokokota hewa, na chombo kisichoweza kukimbia hata kikitaka.

Ndege wa mwituni wamejipanga kwenye mizani hiyohiyo. Kipanga ana mabawa mapana kwa mwili wake, anaweza kwenda polepole na kuzungukia hewa inayopanda. Hondohondo wa mashavu ya fedha, mkaaji wa misitu ya Amani na Magamba, ni mzito na hana subira hiyo. Lazima apige mabawa. Unamsikia kabla hujamwona, uvumi mkavu wa mabawa juu ya miti, kwa kuwa mashina ya manyoya yake makubwa hayakufunikwa vizuri kwa chini na hewa inapenya katikati. Kila uvumi ni hewa iliyovuja bila kusukumwa chini ipasavyo. Sijui mhandisi ambaye angeupitisha mchoro huo, na bado hondohondo wamekuwapo kabla ya wahandisi.

Atakaye kuiona hewa ya Lushoto ikiamua mambo ya ndege kubwa asitafute mbali. Uwanja wa Arusha uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, takriban sawa kabisa na Lushoto mjini. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa inakwenda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), ilitua Arusha kwa makosa. KIA ina barabara ya mita 3,600. Ya Arusha wakati huo ilikuwa kama mita 1,620. Ilisimama salama, ikaishia kwenye nyasi za mwisho wa uwanja, watu wakashuka bila kuumia, na mji mzima ukaja kuitazama kwenye ua.

Kutua ilikuwa nusu ya tatizo. Sasa itatokaje? Ndege ya aina ile ikijazwa hadi mwisho hufikia tani 187, na kwa uzito huo Arusha isingeweza kuitoa. Lakini tupu ina kama tani 90, na hapo hesabu inageuka kuwa rafiki. Uzito ukipungua kwa nusu, kani inayotakiwa inapungua kwa nusu, na kasi ya kupaa inashuka hadi asilimia 71 ya ile ya awali. Nguvu ya mwendo ambayo injini inapaswa kuijenga inashuka hadi robo. Barabara isiyotosha inatosha.

Baada ya siku chache iliondoka hivyo, bila abiria, ikaruka kilomita chache za kwenda KIA, mita 490 chini zaidi, kwenye hewa nzito kidogo na barabara ndefu. Kutoka huko ingeweza kujazwa mafuta na watu kwa safari ya kurudi Bole, Addis Ababa, ambako uwanja uko zaidi ya mita 2,300 juu na barabara yake ya kurukia inakaribia kilomita nne.